Mama Alikuwa Akisoma Nyasi

Nyasi kavu zina harufu yake hata kabla hazijaungua. Nikisema hivi watu huniangalia kwa huruma, lakini nasema ninachokijua. Harufu ya moshi kila mtu anaijua. Mimi nasema ile ya kabla, ya nyasi zilizokaa juani wiki baada ya wiki mpaka zikaanza kunukia kama gunia lililotolewa mahindi, utamu kidogo na vumbi linalokwaruza nyuma ya pua. Mwezi wa kwanza, upepo ukitoka upande wa Kilimambogo, harufu hiyo hunifikia hapa Ruiru hadi ghorofa ya tatu, ikipita juu ya ploti zote zisizojengwa. Nikiisikia siwezi kutulia. Natoka nje, naegemea ukingo, naanza kukagua ploti za watu: ile imefyekwa, hii bado, hii mwenyewe yuko Nairobi na hana habari. Mlinzi wa jengo letu huniita Inspekta, nami nimeacha kumkatalia.

Mwaka huu harufu hiyo ilinikuta nimepiga magoti mbele ya sanduku la bati la Mama. Mama anaishi nami tangu magoti yake yalipokataa ngazi za maisha ya kambini, kama anavyosema mwenyewe, ingawa kwangu kuna ngazi nyingi kuliko kule. Alikuwa amenituma nimtafutie kadi ya kliniki. Sikuipata kadi. Ndani ya mkebe wa zamani wa kakao, chini ya vifungo na sindano, nilipata kitambaa chekundu chembamba, kilichofifia kikawa rangi ya matofali. Ncha zake mbili zilikuwa zimefungwa pamoja, kikawa kama bangili kubwa ya nguo. Fundo lilikuwa limekazwa kwa nguvu zote za aliyelifunga.

Niliketi chini pale pale. Nilikijua kitambaa hicho. Nilidhani kilitupwa zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Sasa nisikilizeni niwaeleze, maana hii si habari ambayo nimezoea kuisema.

Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi kambini, kwenye safu za nyumba za mawe walimoishi wafanyakazi wa shamba moja la kahawa kati ya Juja na Ruiru. Siku hizi sehemu kubwa ya shamba hilo ni nyumba za kupangisha na maduka ya vifaa vya ujenzi, ukipita huwezi kujua. Wazazi wangu walitoka upande wa Bungoma. Baba alifanya kazi kiwandani Thika, na siku za wiki alilala huko huko, mtaa wa Kiandutu, kwa sababu ya shifti. Alikuja Jumamosi jioni na mkate mmoja na malalamiko mengi. Mama alichuma kahawa. Watu walimwita Mama Nekesa, kwa jina langu, na mimi kwa akili zangu nikaona kwamba mwenye cheo hapo ni mimi.

Kahawa yenyewe haikuwa shida. Shida ilikuwa nyasi zilizoizunguka. Upande wa mashariki kulikuwa na uwanda mtupu hadi macho yachoke. Kusini kulikuwa na mikaratusi. Kaskazini kulikuwa na kilima, na juu yake, hatua chache nje ya mpaka wa shamba, palikuwa na nyumba ya mbao ya Shosho Wairimu. Shosho alikuwa mjane, mwembamba, mwenye mbuzi saba na mizinga michache ya nyuki. Hakuwa shosho, bibi yangu, wa damu, lakini kambi nzima ilimwita hivyo, na mimi aliniita maitu, yaani mama yangu, kama mabibi wa Kikuyu wanavyowaita watoto wa kike. Nilipeleka maganda ya viazi kwa mbuzi wake, nikarudi na kipande cha sega la asali nikikilamba njia nzima.

Kila kiangazi moto ulikuja. Wengine walisema ni wachoma makaa, wengine wakasema ni warina asali, wengine wavuta sigara. Nyapara wetu, Kamande, mtu mkubwa mwenye kofia ndogo, alikuwa na vijana wanane wa kufyeka. Kazi yao ilikuwa kukata nyasi kwenye mpaka hadi udongo uonekane, upana wa hatua kumi hivi, ili moto ukifika hapo ukose chakula. Lakini kuuzunguka mpaka kwa miguu tu kulichukua nusu siku. Vijana wanane hawangeweza kuufyeka wote kabla ya Januari. Kwa hiyo Kamande alikuwa akiwaweka kando ya barabara, kwa sababu barabarani ndiko mwenye shamba alikopita na pikapu yake.

Mwaka mmoja, kabla sijaanza shule, Mama alimwambia wakati wa chai kwamba moto ungeingilia kwenye mikaratusi, si barabarani. Kamande alicheka mpaka chai ikamwagika. Moto ukaja, ukaingilia kwenye mikaratusi, ukala mistari minne ya kahawa. Sasa Kamande alikuwa na mambo mengi ya kuudhi, lakini sifa moja namwachia: hakuwa mtu wa kucheka mara mbili. Desemba iliyofuata alimwita Mama, akamwambia, "Wewe zunguka. Weka alama mahali patafyekwa kwanza. Wengine wafuate alama yako."

Hiyo ikawa kazi ya Mama kila mwaka. Na ilikuwa kazi ya maana, kwa sababu mwezi wa kwanza hakuna kahawa ya kuchuma. Wanaume walipogoa mibuni, wanawake wakakaa mikono mitupu. Mama peke yake ndiye aliyekuwa na kazi, kwanza ya kuweka alama, halafu ya kuzunguka akichunga moto mpaka mvua zinyeshe.

Alama zenyewe zilitoka kwenye shuka letu. Shangazi yake alimpa shuka jekundu alipoolewa, nalo Baba alilichukia tangu siku ya kwanza, akisema linamletea ndoto za kuchinjwa. Mama akalikata vipande vyembamba. Alivifunga kwenye matawi na viguzo kwa fundo la kwao, lile la kufungia ndama, ambalo linashika vizuri lakini ukivuta ncha moja linaachia lote. Mvua zikianza alizunguka akivikusanya, mvuto mmoja, kitambaa mfukoni, anaendelea kutembea. Alikuwa akivifua na kuvianika kambini, na Baba akija Jumamosi anauliza kama vita vimeanza.

Nilimfuata kila shule ilipofungwa, na hapo ndipo nilipoona kwamba mama yangu anasoma. Hakuwa amepita darasa la nne, lakini alisoma nyasi kama mwalimu anavyosahihisha madaftari, haraka na bila huruma. Alivunja bua moja karibu na sikio asikie linavyolia. Alinusa. Aligeuka kutafuta upepo kwa shavu. Mahali penye sura mbaya, pale mbuzi wa Shosho walipokula mpaka mizizi na kubaki mawe na vumbi, mimi nilidhani ndipo pa hatari kwa sababu palionekana pamekufa. Mama alipita bila kuangalia. "Hapa moto utakuja kula nini," aliniuliza, "mawe?"

Alichohofia ni mahali pazuri. Alinisimamisha mbele ya nyasi ndefu zenye kijani juu na kuniambia, "Tia mkono mpaka chini." Nikatia. Juu kulikuwa baridi na laini. Chini kulikuwa kukavu, kunavunjika kama karatasi. "Umesikia? Hizi ziko na nguo mbili. Juu zimevaa ya mwaka huu, ndani ziko na ya mwaka jana. Hiyo ya ndani ndiyo inangoja." Ndiyo maana mvua zikinyesha vizuri mwezi wa kumi na moja kambi nzima ilifurahi, na Mama alifurahi pia, halafu akaenda kupima shuka aone kama litatosha. Mvua nzuri maana yake nyasi nyingi, na nyasi nyingi maana yake Januari mbaya. Aliangalia pia magamba ya mikaratusi yanayoning'inia, kwa sababu yakishika moto huruka na upepo. Aliangalia mteremko, kwa sababu moto hupanda kilima mbio na kushuka kwa kujikokota. Mwisho kabisa aliangalia ardhi, atafute njia za mkato. Moto hauji peke yake, alisema, lazima kuna mtu aliyepita.

Juzi kijana wangu alituonyesha kwenye simu ramani yenye rangi, inayosema ni sehemu gani ziko katika hatari ya kuungua. Njano, machungwa, nyekundu. Mama alivaa miwani, akaisogeza simu mbali, akaisoma kwa muda mrefu. Akasema nyekundu wameiweka vizuri, lakini hawakuuliza watu wanapita wapi. Kijana akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeona pale kwenye ramani, karibu na Juja, kidoa kidogo chekundu mahali ninapopafahamu.

Ni kwenye bonde dogo chini ya kilima cha Shosho. Mwaka ule wa miaka tisa mvua zilikuwa nzuri sana, na nyasi za bondeni zilinifika kifuani. Mdomoni mwa bonde palikuwa na mgunga mmoja. Katikati ya Desemba Mama alifunga kitambaa kwenye tawi la mgunga huo, akanionyesha kwa mkono kutoka bondeni hadi juu. "Huu ndio mlango," akasema. "Moto ukiingia hapa, utafika kwa Shosho kabla hujamaliza kuita jina lake." Hicho kilikuwa kitambaa cha mwisho. Vijana wangefyeka wakati sisi tukiwa safarini, kwa sababu watu wa magharibi, mnatujua, Krismasi lazima turudi nyumbani hata kama ni kwa kukopa nauli.

Jioni ile nilirudi bondeni peke yangu kutafuta kalamu niliyoiangusha. Badala ya kalamu nikapata kanga. Aliruka kutoka miguuni pangu kwa kelele iliyoniketisha chini, na pale alipotoka palikuwa na shimo dogo lenye mayai kumi na manne, yenye rangi ya chai ya maziwa. Niliyahesabu mara tatu. Sijawahi kuwa na kitu changu mwenyewe kama yale mayai. Tulikuwa na chumba kimoja, na kila kitu ndani yake kilikuwa cha watu wote.

Kisha nikawakumbuka vijana wa kufyeka. Niliwajua. Mwaka uliopita walipata mayai ya kware na kuyachemsha kwenye mkebe wa rangi, na walikuwa wakijilamba siku nzima. Mayai kumi na manne ya kanga hayangefika hata jioni.

Kwa hiyo nilienda kwenye mgunga. Nilivuta ncha moja, fundo la Mama likaachia. Nikakipeleka kitambaa ng'ambo ya pili ya kilima, kwenye mawe na vumbi la mbuzi wa Shosho, nikakifunga kwenye kiguzo cha ua. Nilikifunga kwa fundo nililolijua. Mwaka huo Baba alikuwa amenipa viatu vyangu vya kwanza vya kamba, na alinifundisha kufunga masikio mawili, halafu kuyafunga masikio yenyewe tena ili yasifunguke shuleni. Niliyakaza kwa meno.

Sikuwa mtoto mbaya, nataka mlijue hilo, ingawa wakati mwingine hata mimi sina hakika. Nilikuwa na mpango. Vifaranga wa kanga wangetoka, wangeondoka na mama yao, nami ningerudisha kitambaa mahali pake. Siku chache tu. Njia nzima hadi Bungoma nilikuwa nikipiga hesabu ya siku kwenye vidole, na Mama akanisifu kwa Baba kwamba mtoto anapenda masomo hata likizo.

Tulirudi Ijumaa ya kwanza ya Januari, jioni. Jumamosi asubuhi Mama aliwauliza vijana kama wamemaliza. Wakamwambia wamemaliza mpaka alama ya mwisho, na mmoja akaongeza kwamba mwaka huu aliwaonea huruma, kwa sababu pa mwisho walifyeka mawe. Mama alidhani ni mzaha wao wa kawaida. Alisema atazunguka Jumatatu. Mimi nilikimbia bondeni. Nyasi zilikuwa zimesimama pale pale, sasa zote rangi ya simba, na kanga alikuwa amelalia mayai yake. Hakuruka safari hii, aliniangalia tu kwa jicho moja. Nikajiambia wiki moja tu.

Moto ulikuja kesho yake, Jumapili, wakati sisi tuko kanisani. Kanisa letu lilikuwa ghala la zamani la mbolea, lenye dirisha moja upande wa kaskazini. Tulikuwa katikati ya kuimba nilipouona moshi. Haukuwa mweusi, ulikuwa mweupe na mnene, na ulikuwa ukipanda kilima. Wengine walidhani Shosho anachoma takataka. Mama hakudhani chochote. Aliweka kitabu cha nyimbo kwenye benchi, akavua viatu vyake vya Jumapili, akakimbia. Wanawake wengine wakamfuata, wakapitia kisimani kulowesha magunia.

Sisi watoto tulizuiliwa kambini. Niliyoyajua niliyajua kwa masikio: ule mlio kama mvua kubwa inayokuja juu ya mabati, halafu mbuzi, halafu sauti za watu wakiitana. Moto uliingilia mdomoni mwa bonde, pale kwenye mgunga, ukapanda kama Mama alivyosema. Shosho alikuwa nyumbani kwa sababu mbuzi mmoja alikuwa amezaa usiku uliopita. Alikuwa ameshatoka nje, lakini akarudi kwa ajili ya wana-mbuzi wawili aliowafungia ndani, na komeo la bati la mlango lilikuwa tayari limeshika joto. Alilifungua kwa kiganja chake cha kulia. Wana-mbuzi walipona. Nyumba haikupona, na mizinga haikupona.

Jioni nilienda bondeni. Kila kitu kilikuwa cheusi na kifupi. Mayai yalikuwa pale pale, yamepasuka, na ndani ya moja niliona manyoya. Nililia mpaka nikashindwa kusimama. Watu wa kambi walioniona walisema mtoto wa Mama Nekesa ana roho nzuri, anamlilia Shosho. Ukweli ni kwamba machozi ya kwanza yalikuwa ya mayai. Ya Shosho yalikuja baadaye, na hayo yalikawia kwisha.

Jumatatu Kamande alitupeleka sote kwenye mpaka, kambi nzima. Shosho alikuwepo, mkono umefungwa kitambaa cheupe chenye harufu ya dawa. Mama alisimama mbele ya mgunga ulioungua, akatazama tawi. Kisha Kamande akatupitisha ng'ambo ya kilima, kwenye mawe yaliyofyekwa vizuri kabisa, na kile kiguzo, na kitambaa chekundu kikipepea masikio yake.

"Mama Nekesa," akasema Kamande, na hakusema kwa ukali, hilo ndilo lilikuwa baya zaidi, "ulifunga hapa?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama, nimeshika leso yake. Alikiangalia kile kitambaa muda mrefu. Akanyoosha mkono, akaligusa fundo kwa kidole gumba. Hakulivuta. Alikipandisha kitambaa polepole juu ya kiguzo mpaka kikatokea juu kikiwa kimefungwa vilevile, akakitia kifuani.

"Ndiyo," akasema. "Nimekosea."

Hayo tu. Kamande alitikisa kichwa. Watu walinong'ona kidogo, halafu wakatawanyika kwa sababu kulikuwa na kazi. Mwaka uliofuata alama ziliwekwa na karani wa shamba, akiwa ndani ya pikapu. Na Mama, kuanzia wiki ile ile, alienda kwenye machimbo ya mawe upande wa Kalimoni kuvunja kokoto, kwa sababu Januari haikuwa na kahawa na sasa haikuwa na nyasi. Alirudi jioni vidole vimefungwa vitambaa. Kila kiangazi, mpaka nilipomaliza darasa la nane.

Usiku wa Jumatatu ile ile Mama alimleta Shosho kwetu. Baba alikuwa Thika. Tulikuwa na vitanda viwili vilivyotenganishwa na pazia, na Shosho akapewa kulala nami. Mimi nililala kwa woga kama mtu aliyelala na askari. Alinuka moshi na asali na dawa ya mkono. Alikaa nasi miezi mitano, mpaka akina mama wa kanisa lake walipompelekea mbao na mabati, na nyumba ikasimama tena baada ya mvua ndefu. Miezi hiyo mitano alinisuka nywele kwa mkono mmoja na meno, kazi iliyochukua siku nzima na iliyotoka vibaya. Alinifundisha kukamua mbuzi. Nikikohoa aliamka. Mimi nilimwogopa, nikampenda, nikamwogopa zaidi kwa sababu nilimpenda.

Nilijaribu kusema. Mara moja, Mama akiwa anaosha vidole vyake kwenye karai, nilianza: "Mama, kile kitambaa cha bondeni..." Hakuinua kichwa. Akaniambia nichukue ndoo nikalete maji. Ndoo ilikuwa imejaa. Nilienda nikaimwaga nje, nikachota mengine. Nilidhani amechoka na hataki kukumbushwa aibu yake, nikaapa sitamkumbusha. Shosho akafariki nikiwa kidato cha pili. Nilienda kwenye mazishi yake, nikala wali, nikarudi bila kumwambia mtu yeyote.

Sasa mnaelewa kwa nini niliketi sakafuni mbele ya sanduku. Masikio mawili, yamefungwa tena juu yake, na alama ndogo mahali palipokazwa kwa meno. Fundo la Mama lingeachia kwa mvuto mmoja. Mama alilijua fundo langu pale pale kwenye kiguzo, mbele ya Kamande, kwa kidole gumba.

Nilimpelekea sebuleni. Alikuwa akichagua maharagwe kwenye ungo. Niliweka kitambaa juu ya meza, nikamuuliza, "Mama, hiki ni nini?"

Akakiangalia. "Ni kiatu chako," akasema, akaendelea kuchagua maharagwe.

Nikamuuliza kwa nini alisema amekosea. Aliondoa jiwe moja kwenye ungo, akalitazama kama anayelifahamu. "Ulitaka niseme nini? Kamande amesimama pale na watu wote. Wewe umeshika leso yangu, na ulikuwa umejikojolea."

Hilo la kujikojolea nilikuwa nimelisahau kabisa.

"Nilitaka kukuambia," nikasema. "Siku ile ya ndoo."

"Najua. Shosho alikuwa amenikataza nisikuulize."

Nikamwambia sijaelewa. Shosho aliingiaje hapo? Mama akaacha maharagwe, akaniangalia kama nilivyokuwa na miaka tisa, mtoto mwenye akili nyingi za shule na chache za nyumbani.

"Nekesa, mimi ningemleta mtu alale na wewe kitanda kimoja bila kumwambia? Nilimwambia usiku ule, tukiwa mlangoni, kabla hajaingia. Nilimwambia ni mtoto wangu. Nikamwambia asubuhi nitakuchapa mbele yake kama anataka. Akasema mtoto akichapwa kwa ajili ya moto ataogopa mpaka jiko, na nani atapika? Akasema usiulizwe, siku utakayokuja mwenyewe utakuja." Akachukua tena ungo. "Halafu akauliza unalala upande gani. Nikamwambia, upande wa mlango. Akasema basi mwamshe, msogeze ukutani."

Ukuta ule tulikuwa tukishirikiana na jirani, na upande wake wa pili ndipo jirani alipoweka jiko lake la kuchemshia githeri hadi usiku. Kwenye mlango palikuwa na ufa ulioingiza baridi yote ya kambi. Nilidhani Shosho anapenda kulala ukingoni kwa sababu wazee huamka mara kwa mara kwenda nje. Aliinuka kwa uangalifu kila usiku, ameushika mkono wake uliofungwa kifuani, ili asiniamshe. Miezi yote mitano alijua ni nani yuko kando yake, na miezi yote mitano nililala upande wenye joto.